Wimbo wa Mwalimu: Jinsi Tulivyoutafuta

Maneno ya kamati ya historia ya kwaya, ya kusomwa kabla ya Misa ya Jubilei





Tulipewa dakika 15 tueleze miaka 50 ya kwaya hii. Historia yenyewe mtaikuta katika kurasa za mwanzo za kijitabu: majina ya wenyeviti, safari, mashindano tuliyoshinda na yale tuliyosema waamuzi walikosea, na picha za sare zetu tangu zile za kijani ambazo tunaomba msizicheke. Hatutairudia. Tunataka kuwasimulia habari za wimbo mmoja tu, ule mtakaousikia leo baada ya Komunyo. Kuutafuta kulituchukua miezi minne, nusura tugombane, na mpaka wiki tatu zilizopita kijitabu hiki kilikuwa kimeandika jambo lisilo la kweli juu yake.

Waliokuwa hapa miaka ya sabini na themanini wanaujua kwa jina la Wimbo wa Mwalimu. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa karani wa reli, akikaa katika nyumba za reli kule Makongeni. Siku za mazoezi alitoka kazini akaja moja kwa moja, tai bado shingoni. Kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, na treni ya jioni ya kwenda Embakasi ilipopita aliinua mkono, sote tukanyamaza, ikapita, akashusha mkono tukaendelea palepale tulipoachia. Vijana wa siku hizi mkimwona mama fulani wa alto akinyamaza ghafla gari likipiga honi huko Jogoo Road, hajapotea. Alifundishwa hivyo.

Wimbo huo tuliuimba mara chache. Tuliuimba Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kabla ya maandamano kutoka nje na Sakramenti Kuu, na tuliuimba tukimzika mwanakwaya. Ulikuwa mfupi, wa polepole, wa sauti ya chini. Ulipokwisha watu hawakupiga makofi wala vigelegele, walinyamaza tu.

Baadaye Mwalimu alistaafu, akafariki, wakaja walimu wengine na mambo mengine. Ngoma ziliingia, kayamba zikaingia, kinanda cha umeme kikaingia. Hatulalamiki hata kidogo, maana ngoma ndizo zilizotujazia vijana katika kwaya. Lakini Wimbo wa Mwalimu ulibaki nyuma, kwanza mwaka mmoja, halafu mingi, mpaka ikawa hakuna anayeweza kuuimba wote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwanzoni mwa maandalizi ya jubilei, mama zetu watatu wa alto, wa kundi la kwanza kabisa, walikuja kwenye mkutano wa kamati bila kualikwa. Walitaka jambo moja: Wimbo wa Mwalimu uimbwe. Mkubwa wao, aliyekuwa ametoka hospitali wiki ileile, alituuliza, "Nikienda mimi, nani atawaonyesha?" Hakuna aliyecheka. Katibu akaandika hapohapo katika rasimu ya kijitabu: Wimbo wa Mwalimu, mtunzi ni Mwalimu wetu wa kwanza. Hakuna aliyeuliza kitu. Tangu lini mtu akauliza Wimbo wa Mwalimu ni wa nani?

Basi tukaanza kutafuta nota. Hatukuwa tukitafuta mtunzi. Huyo tulidhani tunaye.

Kijana wetu mmoja wa tena alikuwa na hakika kwamba kazi ni ya dakika tano. Programu za simu za kutambua nyimbo ziko za namna mbili. Namna ya kwanza, kama Shazam, inalinganisha unachokisikia na rekodi zilizohifadhiwa. Ukiisogezea mama anayeimba jikoni haina la kusema. Namna ya pili, ambayo Google iliileta mwaka 2020, inakubali hata mluzi. Unaimba sekunde kama kumi na tano, nayo haijali sauti yako ni nzuri au mbaya, nene au nyembamba; inafuata namna wimbo unavyopanda na kushuka tu. Mama akashikiwa simu mdomoni, akaimba. Simu ikaleta wimbo wa Noeli. Akaimba tena. Ikaleta tangazo la sabuni. Mara ya tatu ikatupa wimbo wa mahaba wa Kihindi. Mama akairudisha kwa mwenyewe akasema, "Mwanangu, hii yako haijui kitu."

Ilituchukua muda kuelewa kosa lilikuwa wapi, na wanakwaya walio hapa watacheka, kwa kuwa jibu lilikuwa machoni petu. Mama wote watatu ni alto. Wamekuwa alto maisha yao yote. Walichokikumbuka, tena bila kukosea, ni sauti ya alto, na alto mara nyingi hukaa pale katikati, inasimama kwenye nota moja, inasogea hatua moja chini, inarudi. Wimbo wenyewe unabebwa na soprano. Kati ya soprano wa kundi lile la kwanza, wengine wamefariki, wengine walirudi mashambani na hatukuwapata, na mmoja tuliyempata Kariobangi alisema kwa unyoofu kwamba amesahau kabisa. Kwa hiyo tulikuwa tunaiuliza simu swali kwa sauti ambayo hata mtunzi mwenyewe angeomba kwanza aambiwe ni ukurasa wa ngapi.

Watu wakaanza kukisia. Mzee mmoja wa besi alisema ni Handel, kwa sababu kwake kila kitu kizuri ni Handel. Baba mmoja wa tena, aliyefanya kazi ya ulinzi usiku kwa miaka mingi akiwa na redio yake ndogo, alisisitiza kwamba aliwahi kuusikia redioni ukipigwa na fidla tupu, bila mwimbaji hata mmoja. Tulimwambia amechanganya: Wimbo wa Mwalimu utapigwaje redioni na Wazungu? Tunamwomba radhi leo mbele ya watu wote. Mtaona kwa nini.

Mwingine alisema utakuwa ni wa Mozart, kama ile Gloria. Hapo tunapaswa kusimama kidogo, kwa kuwa kwaya nyingi zilizoalikwa leo zinaiimba Gloria hiyo, ile ya Misa ya Kumi na Mbili, na juu ya karatasi zetu zote limeandikwa jina la Mozart. Kijana wetu alipokwenda kuangalia kama Wimbo wa Mwalimu umo katika misa hiyo, alirudi na habari nyingine. Misa ile ilichapishwa London na Vincent Novello karne ya 19 kama kazi ya Mozart, ikapendwa dunia nzima, lakini Köchel alipopanga orodha kuu ya kazi za Mozart mwaka 1862 aliitenga pamoja na zile zisizo za uhakika. Siku hizi wataalamu hawaihesabu kuwa yake. Anayetajwa zaidi ni Wenzel Müller, mtunzi wa Vienna wa wakati uleule. Tumeiimba Pasaka ngapi tukimsifu mtu mwingine! Hatutaacha kuiimba. Tumefuta jina tu.

Wimbo wa Mwalimu haukuwamo. Lakini habari ile ilituachia mwiba: kumbe jina lililo juu ya karatasi linaweza kuwa si lenyewe, na likakaa hapo miaka mia.

Halafu karatasi ikapatikana. Mzee wa besi, yuleyule wa Handel, alifungua sanduku la bati nyumbani kwake Jericho akitafuta hati ya kiwanja, akakuta nusu ya ukurasa. Ilikuwa stensili ya zamani, ile iliyopigwa chapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Panya walikula nusu ya juu. Iliyobaki ilikuwa na mistari ya tena na besi ya sehemu ya kwanza, kwa solfa, na maneno ya Kiswahili chini yake.

Watoto wetu wanaosoma nota za mistari mitano wanaidharau solfa kidogo. Waambiwe kwamba mwanzo wake ni mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich huko Uingereza, na John Curwen akaiendeleza karne ya 19 ili watu wa kawaida wasio na kinanda waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaileta huku. Karani wa reli aliyekuwa na karatasi ya manila na kalamu nene aliweza kufundisha sauti nne kwa jioni mbili. Isingekuwa solfa, makwaya ya Eastlands yasingekuwapo, kuanzia Pumwani hadi Dandora.

Katika nusu ile ya karatasi mlikuwa na herufi iliyotushtua: fe. Hiyo ni fa iliyopandishwa nusu hatua. Nyimbo nyingi zilizotungwa hapa kwetu miaka ile haziihitaji. Zinatosheka na do re mi za kawaida. Mzee akasema, "Mwalimu alikuwa na fe zake, alitutesa nazo mwezi mzima." Kijana wa tena hakusema kitu. Baadaye alituambia kwamba hapo ndipo moyo wake ulipoingia baridi, maana aliona wimbo huu umetoka mbali.

Aliyetusaidia ni binti wa jumuiya yetu ambaye alijifunza viola kule Korogocho, kwa Ghetto Classics, ile shughuli iliyoanza 2008 ya kuwafundisha watoto wa mtaa ule muziki wa okestra. Viola ni ile fidla kubwa kidogo, na mpigaji wake, kama alto, huishi katikati ya muziki. Aliwasikiliza mama watatu mara moja tu akasema, "Hii si nyimbo, hii ni ndani ya nyimbo." Akaomba tuwakutanishe wote: alto, tena, besi, na ile karatasi.

Tulikutana Ijumaa jioni hapahapa kanisani. Besi waliimba kutoka kwenye karatasi. Baba wa tena alijaza alipokumbuka. Mama wakaimba yao. Juu palikuwa wazi, kama nyumba isiyo na paa. Binti akaanza kujaribu sauti ya juu kwa viola, akikisia nota inayoweza kukaa juu ya hizo tatu. Hapo tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: mama zetu, ambao hawakuweza kuimba soprano hata kidogo, walijua kila alipokosea. "Hapana, hapo hukupanda hivyo." "Hapo ilishuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani." "Sasa! Hapo hapo!" Walikuwa wamesimama karibu na soprano miaka kumi na kitu. Wimbo waliusikia kwa sikio la kulia, hawakuutia mdomoni.

Mzee wa besi akaongeza kitu kimoja kuhusu ule mwisho uliopotea. Alikumbuka kwamba karibu na mwisho wanaume walinyamaza, akina mama wakaanza peke yao, soprano na alto pamoja, halafu tena na besi wakafuata nyuma yao wakisema maneno yaleyale. "Mwalimu alitupiga marufuku kuharakisha. Alisema mfuate mama zenu."

Baada ya saa nzima binti alikuwa na sauti ya juu ya sehemu ya kwanza. Kijana wa tena akatoa simu bila kuambiwa. Viola ikalia mbele yake. Simu ilifikiri kidogo, kisha ikaleta majibu kadhaa, na yote yalikuwa kitu kimoja: Ave verum corpus, W. A. Mozart.

Akabonyeza. Kwaya moja ya Ulaya ikaanza kuimba kwa Kilatini, na yule mama mkubwa akaingia na alto yake kwa Kiswahili, kutoka nota ya kwanza, bila kusubiri mtu. Ilipofika karibu na mwisho wanaume wa huko Ulaya walinyamaza, wanawake wakatangulia, wanaume wakafuata. Mzee wa besi alikuwa amesimama akitikisa kichwa.

Tuseme na hili kwa wanaotaka kutafuta nyimbo zao za zamani: kujua maneno hakutoshi. Maneno ya Ave verum ni sala ya Kilatini ya zamani sana kwa heshima ya Ekaristi, na watunzi wengi wameyawekea muziki. William Byrd alichapisha wake 1605, Elgar ana wake, Saint-Saëns ana wake. Tungejua jina tu tungeweza kufundishwa mwingine tukaukubali. Na baba yetu wa redio alikuwa sahihi muda wote. Mwaka 1887 Tchaikovsky aliuchukua muziki huu wa Mozart, kupitia kazi ya Liszt, akauweka katika muziki wake wa okestra unaoitwa Mozartiana, hakuna mwimbaji humo. Sasa tunaamini ndio aliousikia usiku huo akilinda geti.

Tungependa kusema kwamba tulifurahi. Kwa dakika chache tulifurahi. Halafu katibu akauliza kwa sauti ndogo, "Na kijitabu?"

Hapo ndipo tulipokaribia kugombana. Fikirini. Miaka yote tumewaambia watoto kwamba mwalimu wetu, karani wa Makongeni, alitunga wimbo ule. Ulikuwa fahari yetu. Mmoja wetu alisema, na hatukuwa na jibu la haraka, "Wazungu wana nyimbo nyingi. Mwalimu alikuwa na mmoja. Mwachieni." Wengine walitaka tuuache wimbo kabisa, tuimbe kitu kingine, tusimtie mjane aibu. Mama wa pili wa alto ndiye aliyetufunga mdomo. Alisema kwamba siku moja mgeni atausikia, atautambua, atacheka, na atasema mwalimu wa kwaya ile alikuwa mwizi, na Mwalimu hatakuwepo kujitetea.

Tukakubaliana kwamba Mama Mwalimu aambiwe kwanza, kabla ya mtu yeyote na kabla ya mpiga chapa. Jumapili baada ya Misa ya pili tulipanda matatu hadi Umoja na sukari, unga na majani chai. Tulizunguka sana. Tuliuliza afya, wajukuu, mvua. Mwishowe kijana akauweka wimbo kwenye simu, kwa Kilatini, akasema, "Mama, huu ni wa Mozart."

Mama Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo."

Akaenda chumbani, akarudi na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko safi wa karani, lilikuwa jina: W. A. Mozart. Chini yake mistari ya Kiswahili iliyokatwa na kuandikwa upya, ukurasa baada ya ukurasa. Akatuambia, "Aliwaambia siku ya kwanza. Mlikuwa mnapiga soga. Alipowaambia mara ya pili mkadhani Mozart ni padre wa misheni. Baadaye akaona basi, aliniambia, wakiimba vizuri inatosha."

Jina hilo, tunadhani, lilikuwa pia kwenye stensili, katika ile nusu waliyoila panya. Hakuficha kitu. Jina la Wimbo wa Mwalimu tulilitunga sisi.

Daftari lile tulikaa nalo mchana kutwa, na humo tuliona kazi aliyoifanya, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifikiria. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeruhusu lugha za watu katika liturujia, na walimu wa kwaya kote nchini walikuwa wanatafuta nyimbo za Kiswahili zilizostahili kuimbwa altareni. Kutia Kiswahili katika muziki wa Kilatini si kubadilisha neno kwa neno. Maneno yetu ni marefu. Pale Kilatini kina silabi mbili, sisi huenda tuna tano, na kila neno letu lazima lisisitizwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, la sivyo linasikika kama la mgeni. Mwalimu aligawa nota ndefu mara mbili au tatu ili maneno yaenee. Mahali fulani alikata mstari mara sita kwa sababu mkazo ulianguka pabaya. Na hapo tukaelewa pia sababu nyingine iliyofanya simu ishindwe na mama zetu: alto waliyofundishwa ilikuwa na nota zaidi ya zile za Mozart.

Kijana alitaka kuhakikisha kwa kuhesabu vipimo, vile vijumba kati ya mistari. Wa Mozart una 46 tu. Wa Mwalimu ulikuwa na pungufu, akaingiwa na wasiwasi tena, mpaka alipoona kwamba Mwalimu hakunakili vile vya vyombo peke yake. Vya kinanda alikuwa navyo kichwani.

Pembeni mwa ukurasa wa mwisho Mwalimu aliandika maneno mawili: chini chini. Tunayakumbuka. Aliyasema kila mazoezi. Binti wa viola ndiye aliyetuonyesha kwamba Mozart naye aliwaandikia waimbaji agizo moja tu katika wimbo wote, mwanzoni: sotto voce. Maana yake ni hiyohiyo.

Turuhusuni tuwaambie na jinsi wimbo ulivyoanza, maana tulipousoma tulitazamana. Mwaka 1791 mke wa Mozart, Constanze, alikuwa mjamzito na dhaifu, akaenda kupumzika Baden, mji mdogo wa maji ya moto karibu na Vienna. Mwalimu wa shule wa pale, Anton Stoll, ambaye pia aliongoza kwaya ya parokia, ndiye Mozart alimwomba amtafutie mkewe chumba cha chini, asipande ngazi. Mwezi wa sita Mozart alimwandikia Stoll wimbo huu kwa ajili ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Juu ya karatasi ni tarehe 17 Juni. Wakati huo alikuwa na opera nzima mkononi. Stoll hakuwa na kwaya ya mfalme. Ilikuwa kwaya ya parokia ya mji mdogo, basi akamwandikia kitu kifupi, kisicho na nota za kujionyesha, ambacho watu wa kawaida wangeweza kukiimba. Tarehe 5 Desemba mwaka uleule Mozart alifariki, akiwa na miaka 35.

Tulimsomea Mama Mwalimu habari hizo kwenye simu. Aliuliza kama yule Stoll alilipwa. Hatukujua tumjibu nini, akacheka, akasema wake pia hakulipwa.

Mpiga chapa wa River Road alitutoza tena kwa kubadilisha ukurasa, na tunamshukuru mweka hazina kwa kutopiga kelele nyingi. Sasa ukurasa wa 14 unasema: Muziki, W. A. Mozart, 1791. Maneno ya Kiswahili, Mwalimu wetu wa kwanza. Maneno yamechapishwa kwa ruhusa ya Mama Mwalimu, ambaye yuko nasi leo, safu ya pili. Jina la wimbo tumeliacha lilivyokuwa, kwa kauli yake.

Kinanda kitatangulia vipimo viwili peke yake. Soprano wapya, msiingie. Mama zetu wa alto watakuwa wote watatu. Mkubwa ataimba ameketi, tumemwekea kiti karibu na nguzo, kwa hiyo wapiga picha tafadhali msisimame mbele yake. Karibu na mwisho mtaona wanaume wamenyamaza na akina mama wameanza. Hawajasahau. Wanasubiri zamu yao.

Na treni ikipita, mtuvumilie kidogo.